TOBOA KWANZA, PAMBA BAADAYE: KAZI YA MIKONO YA KUPAMBA SAHANI ZILIZOCHAKAA

(Maelezo haya yalitolewa na mwalimu wa kazi za mikono mbele ya akina mama, akina baba na vijana katika kituo cha jamii. Tunayachapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika. Mwishoni tumeweka maswali yaliyoulizwa na majibu yake.)



Nawashukuru kwa kuacha kazi zenu na kuja. Najua wengine wenu mmeacha madumu kwenye foleni ya maji, kwa hiyo sitawachelewesha.

Leo tuna somo la kupamba sahani zilizochakaa. Nilipotangaza somo hili, mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sisi tunatafuta sahani ya kulia, wewe unatafuta sahani ya kutundika?" Swali lake ni la haki, na nataka kulijibu kabla ya jambo lingine lolote.

Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, hatupambi sahani inayofaa kulia chakula. Sahani nzima ni ya chakula, na nyumba isiyo na sahani za kutosha isiigeuze hata moja kuwa pambo. Pili, karibu kila nyumba ina sahani moja au mbili ambazo zimekwisha kazi yake. Zimemomonyoka, zimepasuka, zina kutu. Lakini hazitupwi, maana mtu aliyepoteza vingi hatupi kitu ovyo. Zinabaki jikoni, na siku wageni wakizidi zinatolewa, na mara nyingi anayepewa ni mtoto. Kuitundika sahani ya namna hiyo ukutani ni njia ya kuiondoa kwenye chakula bila kuitupa. Nyumba inapata pambo, na mtoto anaepushwa na madhara. Hilo ndilo somo letu.

SAHANI IPI IMEKWISHA?

Tuanze na sahani za bati, zile zilizofunikwa na ngozi ngumu inayong'aa iitwayo enameli. Ngozi hiyo ni kama kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma kwenye tanuru, kwa moto wa nyuzi kama 800. Ndiyo maana ikibanduka hakuna fundi wa kijijini anayeweza kuirudisha. Sahani ikianguka, ngozi inapasuka na chuma kinaonekana. Kutu peke yake si sumu kali, lakini vipande vya ile ngozi ni vikali kama kioo na vinaweza kuingia katika chakula. Tena baadhi ya sahani za zamani za rangi nyekundu, ya machungwa na ya manjano zilitiwa rangi yenye madini mabaya, kama kadimiamu na risasi. Kwa hiyo sahani ya bati iliyomomonyoka upande wa ndani, pale chakula kinapokaa, imekwisha. Iliyomomonyoka kidogo upande wa nje tu bado inafaa, ila ichunguzwe kila inapooshwa.

Sahani ya udongo wa kung'aa, au kaure, ikipata ufa, maji machafu yanaingia ndani ya ufa na hayatoki kwa kuosha. Nayo imekwisha. Sahani ya plastiki iliyochanika na kuwa na mikwaruzo mingi inashika mafuta na uchafu mpaka harufu haiishi. Nayo imekwisha. Sahani ya alumini iliyopinda tu haijaisha. Inyoosheni mwendelee kuitumia.

WALIOTUNDIKA SAHANI KABLA YETU

Wapo watakaosema kwamba kuweka sahani ukutani ni mchezo wa watu wenye nafasi. Sivyo. Watu wa sehemu zetu wamefanya hivyo kwa mamia ya miaka.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, nyumba za mawe za Lamu na Pate zilijengwa na vishubaka vidogo vidogo ukutani, vinavyoitwa zidaka, na ndani yake viliwekwa vyombo vya kaure vilivyoletwa kwa majahazi. Makaburini pia walifanya hivyo. Huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, na huko Mambrui, karibu na Malindi, zipo nguzo za makaburi zilizopachikwa bakuli na sahani kutoka China. Vyombo vingi vimevunjika au vimechukuliwa, na mahali vilipokuwa yamebaki matundu ya mviringo. Chombo kilichotoka mbali kiliheshimiwa hivyo, hata juu ya kaburi la mtu.

Jirani zetu wa Rwanda wana kazi inayoitwa imigongo. Wanawake wa Kirehe, upande wa mashariki wa nchi hiyo, huchukua mavi ya ng'ombe, huyachanganya na majivu, kisha huinua mistari yenye pembe pembe juu ya ubao au ukuta. Ikikauka, huipaka nyeupe, nyeusi na nyekundu. Zamani ilikuwa pambo la ndani ya nyumba. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, kazi hiyo iliinuliwa tena na wanawake walioungana katika chama cha ushirika, wengine wao wakiwa wajane.

Mfano wa tatu nawaomba mwusikilize vizuri, kwa sababu unatuhusu. Ni wa Wanubi. Sisemi wale wa Kibera au Bombo, nasema wale wa kandokando ya mto Nile, kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan. Hawa walijenga nyumba za tope, na juu ya mlango walipachika sahani katika tope bichi, zikakauka pamoja na ukuta. Mgeni alipokaribia aliziona zikimeta juani. Halafu likajengwa bwawa kubwa la Aswan, na sehemu kubwa ya nchi yao ikaingia majini. Katika miaka ya 1963 na 1964, Wanubi wa Misri wapatao 50,000 walihamishwa kwenda Kom Ombo. Wenzao wa upande wa Sudan walipelekwa mbali zaidi, mpaka Khashm el-Girba. Huko Kom Ombo walikuta nyumba za serikali zimepangwa safu safu, zote zikifanana, hata mtu hajui yupi ni jirani wa zamani. Wakafanya nini? Baadhi yao walianza kupaka kuta zile tope, wakazichora, wakazipamba upya kwa mkono wao. Hawakurudishiwa nchi yao kwa kufanya hivyo. Lakini nyumba aliyopewa mtu na mgeni ikawa nyumba yake.

Nadhani hapo mzee wangu amepata sehemu ya jibu lake. Vibanda vyetu navyo vinafanana. Mtoto anayejifunza kutembea anahitaji kitu cha kumwonyesha kwamba huu ndio mlango wa kwao.

KWA NINI TUNATOBOA KWANZA

Sasa sikilizeni jambo lenye hatari. Niliwahi kuingia katika nyumba moja ambamo kijana alikuwa amepamba sahani ya mama yake kwa rangi ya mafuta aliyoipata kwenye mkebe uliobaki kwa fundi. Ilikuwa nzuri kweli, ina ndege mwekundu na majani ya manjano. Ilikaa ukutani miezi kadhaa. Siku moja kukawa na matanga katika nyumba hiyo, watu wakajaa, sahani zikapungua. Mtu akaishusha ile sahani, akaifuta vumbi, akaipakulia maharage ya moto. Alipewa mtoto wa miaka mitatu. Tulipotazama baadaye, mchuzi ulikuwa na vipande vidogo vyekundu, na yule ndege hakuwa na bawa.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kijana alipamba, aliyepakua alikuwa na haraka, na sahani ilikuwa bado sahani. Hapo ndipo kosa lilipo. Kitu chenye umbo la sahani na kisicho na tundu kitarudi kwenye chakula siku ya shida, hata kama wewe umeapa hakitarudi.

Hatari yenyewe ni nini? Rangi nyingi za mafuta, hasa za zamani, na hasa nyekundu na manjano, zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Risasi ikiingia mwilini inakaa, na inadhuru ubongo na damu. Mtoto mdogo hufyonza mwilini mara 4 mpaka 5 ya risasi anayofyonza mtu mzima kwa kiasi kile kile walichokula. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mtoto aliyedhurika anaweza kuumwa tumbo, kupungukiwa damu, au asionyeshe dalili yoyote ila kuwa mzito wa kujifunza shuleni, na watu wakamwita mvivu. Siku hizi sheria inayopendekezwa kwa nchi zote ni kwamba rangi isiwe na risasi zaidi ya sehemu 90 katika kila sehemu milioni moja. Lakini mkebe wa zamani usio na maandishi hauwezi kukueleza kilichomo, na kwa macho huwezi kujua.

Kwa sababu hiyo kanuni yetu ni moja, nayo ni fupi: TOBOA KWANZA, PAMBA BAADAYE. Sahani yenye tundu katikati haishiki mchuzi. Hata siku ya matanga, hata usiku gizani, hata kwa mgeni asiyejua, haitapakuliwa.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

Tumechagua njia isiyohitaji kununua rangi. Unahitaji:

- sahani iliyokwisha kazi;
- msumari mnene na nyundo, au jiwe la kupigilia;
- kipande cha gogo;
- tupa, au jiwe la kunolea;
- kitambaa cha pamba kilichochakaa, kama shuka au kipande cha kitenge;
- unga wa muhogo vijiko 2 vikubwa. Tumia ule wa kufagia kinuni, usipunguze posho ya nyumba;
- udongo mwekundu na udongo mweupe, kiganja kimoja kimoja;
- masizi ya sufuria au mkaa uliosagwa;
- kamba au waya.

HATUA ZA KAZI

1. Kuosha. Osha sahani kwa majivu na maji, halafu kwa sabuni. Mafuta yakibaki, gundi haitashika. Kausha juani. Kama ina rangi ya zamani inayobanduka, usiisugue ikiwa kavu, kwa sababu vumbi lake ndilo sumu yenyewe. Isugue ikiwa imelowa, nje ya nyumba, watoto wakiwa mbali, na kitambaa ulichotumia kifukie.

2. Kutoboa. Ilaze sahani ya bati juu ya gogo na uifunike kwa kitambaa kilicholowa ili vipande visiruke. Geuza uso pembeni unapopiga. Toboa tundu moja katikati na mawili karibu na ukingo, yakiachana kwa upana wa vidole vinne. Upande msumari ulipotokea kuna meno makali. Yasage kwa tupa au jiwe mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Anayejikata kwa chuma chenye kutu aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha aende kituo cha afya aulize kuhusu chanjo ya pepopunda siku hiyo hiyo, asingoje kidonda kivimbe. Sahani ya plastiki hutobolewa kwa msumari uliopashwa moto, ukiwa nje mahali penye upepo, na moshi wake usiuvute. Sahani ya kaure haitoboki kwa msumari. Hiyo tutaifunika uso wote kwa kitambaa, isibaki na mahali pa kuweka chakula.

3. Kupika gundi. Koroga unga katika maji baridi kidogo mpaka uwe uji usio na madonge. Mimina katika kikombe 1 cha maji yanayochemka, ukikoroga bila kuacha. Ikibadilika kutoka nyeupe na kuwa kama kamasi inayopitisha nuru, imeiva. Epua, ipoe. Itumike siku hiyo au kesho yake. Ikichacha, mwaga.

4. Kubandika kitambaa. Weka sahani juu ya kitambaa, chora duara linalozidi ukingo kwa vidole vitatu, kata. Kwenye sehemu iliyozidi kata mipasuo midogo kuzunguka, ili kitambaa kikunjike bila makunyanzi. Paka gundi sahani nzima, laza kitambaa, bonyeza kuanzia katikati kwenda nje ili hewa itoke. Kunja ukingo kwa nyuma na ubandike kipande kingine mgongoni kufunika mikunjo. Kabla hakijakauka, pitisha msumari katika matundu ya ukingoni yasizibe. Tundu la katikati nalo liache wazi, ulizungushie ua au jua katika mchoro wako. Kausha kivulini siku nzima. Ukiharakisha kwenye jua kali, kitambaa kinajivuta na kubanduka.

Mwenye kitambaa cha kitenge chenye maua mazuri anaweza kuishia hapa. Kazi yake imekamilika. Mwenye kitambaa cheupe anaendelea.

5. Kupima mchoro. Wengi wanaharibu hapa, kwa sababu wanaanza kuchora pembeni na wakifika upande wa pili nafasi haitoshi. Kata karatasi ya duara lenye ukubwa wa sahani. Ikunje mara tatu, kila mara nusu kwa nusu. Ukiikunjua utaona vipande 8 vilivyo sawa. Ilaze juu ya sahani, weka alama ndogo za mkaa mahali mikunjo inapofika ukingoni. Sasa kila kipande kichore sawa na mwenzake. Msihangaike kutafuta picha za kuiga. Mkeka mnaoukalia una michoro, na kikapu cha bibi yako kilikuwa na michoro. Anzeni na hiyo mnayoijua kwa vidole.

6. Kutengeneza rangi. Ponda udongo, utie katika maji, koroga, subiri kidogo. Mchanga unashuka chini. Mimina maji yale yenye rangi katika chombo kingine kupitia kitambaa, yaache yatulie mpaka kesho, kisha mwaga maji ya juu taratibu. Tope laini linalobaki ndiyo rangi. Changanya na gundi, kiasi sawa kwa sawa. Kwa nyeusi tumia masizi au mkaa. USITUMIE ule unga mweusi wa ndani ya betri za tochi, ingawa najua wengi mliona watu wakipakia nao kuta na sakafu. Una madini yanayodhuru, na vidole vya watoto viko ukutani kila siku. Betri ya gari ni mbaya zaidi, maana hiyo ndani ni risasi yenyewe. Udongo nao chukueni kidogo, tena si kando ya msingi wa nyumba wala penye njia ya maji ya mvua. Hatutaki kupamba sahani na kubomoa kibanda.

7. Kupaka. Paka mkono wa kwanza mwepesi kwa brashi au kijiti kilichotafunwa ncha. Kikauke, ndipo upake mkono wa pili. Rangi nzito ya mara moja hupasuka kama tope la kiangazi. Kumbuka kwamba rangi hii haiogeshwi. Pambo hili ni la ndani ya nyumba, na vumbi lake hufutwa kwa kitambaa kikavu.

KUTUNDIKA

Kwenye ukuta wa matofali mabichi, tumia kigingi cha mti mgumu kilichochongwa, kiingie kikiinama kidogo kwenda juu. Kwenye kibanda cha turubai usitoboe turubai hata kidogo. Tundu la leo ni mvua ya kesho kitandani. Funga kamba kwenye mti wa nguzo, na hakikisha ukingo wa sahani haugusi turubai, kwa sababu upepo ukiitikisa itaichana. Mahali popote, usitundike juu ya kitanda wala mahali anapolazwa mtoto.

KUHUSU KUUZA

Najua mnataka kusikia habari za pesa. Nitasema ukweli. Shirika haliahidi soko la kazi hii. Anayetaka kujaribu kuuza afanye hesabu kwanza. Tuchukue mfano. Kama umenunua vanishi ya 6,000 inayotosha sahani 20, kila sahani imekula 300. Ongeza kamba 100. Ongeza siku yako nzima ya kazi, ambayo ungeweza kulima kibarua. Kama mnunuzi anatoa 500 tu, umebaki na 100 kwa siku, na hiyo si biashara. Basi fanya kwa ajili ya nyumba yako, au mfanye watu kumi pamoja, mgawane mkebe mmoja. Asiwepo mtu wa kukopa ili apambe sahani. Na asiwepo wa kupamba vyombo vipya vilivyogawiwa familia. Vile ni vya kulia.

Anayeuza amwambie mnunuzi kwa mdomo wake: hii ni ya ukutani. Tundu litasema mengine.

Ndugu zangu, sina zaidi. Mkifika nyumbani toeni sahani zenu zote nje kwenye mwanga, mzitazame moja moja ndani na nje. Hata kama hamtapamba hata moja, hilo peke yake litakuwa limewafaa watoto. 

MASWALI NA MAJIBU

Kijana mmoja aliuliza: Je, ninaweza kuchora upande wa chini wa sahani, watu wakaendelea kulia upande wa juu?
Jibu: Hapana. Sahani zinapangwa moja juu ya nyingine. Rangi ya chini ya hii inasugua uso wa ile.

Baba mmoja aliuliza: Nikipata rangi mpya yenye maandishi kwamba haina risasi, bado nitoboe?
Jibu: Ndiyo, baba. Rangi ya ukuta haikutengenezwa ili iliwe, hata isiyo na risasi. Ina vitu vingine vya kuiyeyusha na kuikausha. Rangi hiyo ni bora kwa pambo, lakini haiifanyi sahani kuwa ya chakula.

Mama mmoja aliuliza: Mtoto wangu anabandua rangi ya zamani dirishani na kuila. Nimekuwa nikimpa maziwa ili kuua sumu. Inatosha?
Jibu: Mama, maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaondoi risasi iliyokwisha ingia mwilini. Mpeleke kituo cha afya, useme wazi alichokula na tangu lini. Usingoje augue. Lile dirisha lifunike, na umnawishe mtoto mikono kwa sabuni kabla ya kila chakula.

Mzee aliyetajwa mwanzoni aliuliza: Gundi ya unga haiwaiti mende na panya?
Jibu: Inawaita, mzee, hasa ikibaki na unyevu. Ndiyo maana tunakausha siku nzima kivulini, na baadaye unaweza kuianika tena juani kwa muda. Sahani itundikwe mbali na mahali pa kuhifadhi chakula. Ikianza kuliwa, bandua kitambaa, osha, anza upya. Sahani yenyewe hailiwi.

Mama mmoja mtu mzima aliuliza: Mwalimu, mimi nina sahani moja ya kaure. Ilikuwa ya mama yangu. Siku tulipokimbia niliifunga ndani ya kanga, na ndicho chombo pekee kilichofika. Imepata ufa. Unataka niifunike kwa kitambaa mtu asiione?
Jibu: Hapana, mama. Hiyo usiifunike wala usiipake kitu. Izungushie waya mgongoni, mistari miwili inayokutana kama msalaba, na kulabu nne ndogo ukingoni zilizovishwa uzi zisiikwaruze. Ufa utazame chini. Itundike mahali pa juu ambapo hakuna mkono wa haraka unaofika, na uwaeleze wajukuu wako ilitoka wapi. Wakijua habari yake, hakuna atakayeishusha kupakulia maharage.

(Wanaopenda kufanya kazi hii kwa pamoja waandikishe majina yao kwa wahamasishaji wa mitaa yao. Kila mtu aje na sahani yake iliyochakaa na kitambaa. Nyundo, misumari na tupa zitatumiwa kwa zamu.)